Mashuka Mabichi

Jengo la tatu lilipokamilika, upepo ulituhama. Yale mawili ya mwanzo tulishayazoea: marefu, yamebanana, yanaota jua kutwa nzima na usiku yanaturudishia joto lake. Lakini kati yake palikuwa na mwanya, na jioni upepo ulipenya humo ukafika kwetu ghorofa ya pili. La tatu likaketi kwenye mwanya huo kama kizibo. Waliolijenga wanalisifu kwa umbo lake. Umbo! Laiti ningekuwa na kauli, ningewalaza hapa kwetu hata usiku mmoja.

Mama alikuwa mgonjwa wa moyo, na daktari alishatuonya kwamba joto litamuua. Kuhama hatukuweza, kaka yangu ni dobi, na wateja wake wote wako mtaa huu huu. Basi akafanya ambalo dobi tu angelifikiria. Alilowanisha mashuka akayatundika kukizunguka kitanda cha Mama, na kila yalipoanza kukauka alileta mengine.

"Unaniogesha au unanianika?" Mama alimtania.

"Nakupoza, Mama. Wewe tulia."

"Haya, ila usije ukanipiga pasi."

Tulicheka. Baada ya siku chache hakuwa tena na pumzi ya utani. Chumba kilifuka kama sufuria iliyofunikwa. Kaka alipoona Mama amezidiwa, aliongeza mashuka. Mchana ule Mama akatutoka.

Daktari alinivuta kando. "Mashuka mabichi yanasaidia penye upepo," alisema. "Hapa kwenu maji yamebaki humu humu chumbani, na jasho la mama yenu likashindwa kukauka. Mwili haupoi hivyo, unazidi kupata joto."

Nilimsihi asimwambie kaka. Waliokuja kutupa pole walimsifu: mwana kama huyu, utampata wapi? Naye alifuta machozi akisema, "Angalau nilimpunguzia joto." Nami nikafunika kombe, nikaitikia.

Leo jirani wa mlango wa pili alikuja akiwa hoi. Ana mtoto mchanga, halali kwa joto, analia tu. Kaka hakumwacha hata amalize. Tangu msiba sikuwa nimemwona na haraka ya jambo lolote. Alijaza beseni, akalowanisha mashuka, akalinyanyua.

"Hili ndilo ninaloliweza," aliniambia.

Nilisimama mlangoni.

"Nipishe, mdogo wangu."

"Usiyapeleke, kaka."

"Kwa nini? Hukuona yalivyomsaidia Mama?"

Nilibaki nimeuziba mlango. Alinitazama usoni, akanitazama tena.

"Daktari alikwambia nini?"

Nikamwambia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini nilimwambia yote.

Aliliweka beseni chini polepole.

"Alipozidiwa niliongeza," alisema. "Mimi niliongeza."

Nilimshika mkono, akautoa. Mlango wa pili mtoto alikuwa bado analia, na hatukuwa na kitu kingine cha kumpelekea.