Mawimbi ya Mama Waya

Pale kitengo cha kupima ubongo walimwita Mama Waya, maana siku nzima kazi yake ilikuwa kubandika waya kwenye vichwa vya watu. Vya wenzake alivijua, chake alikificha. Mwaka wa tatu huu moyo ulikuwa ukimwenda mbio bila sababu, usingizi wa mang'amung'amu, na hakumwambia mtu. Nani angemwachia mashine mtu anayetetemeka?

Asubuhi hiyo waya mpya zilikuja. Kama kawaida yake alijibandika mwenyewe kwanza, akafumba macho, akarekodi dakika tano za kuzijaribu. Kumbe faili la mgonjwa wa kwanza, dereva wa kreni, alikuwa ameshalifungua. Vipimo viwili vikaingia humo, chake na cha dereva, na daktari akasoma cha juu.

Saa tano akaitwa ofisini. Dereva ameketi, kofia ya kazi magotini. Alishikwa na kizunguzungu kazini, na kampuni ilitaka jibu leo hii: apande tena au asipande kabisa.

"Mtu akifumba macho, mawimbi ya ubongo hupunguza mwendo," daktari alisema, akigeuza skrini. "Haya yanakimbia mwanzo mwisho. Peke yake si ugonjwa, ila ukijumlisha na kizunguzungu, mwenye wasiwasi hivi simrudishi huko juu."

"Wasiwasi? Mimi?" Dereva akacheka, akaona anacheka peke yake. "Daktari, nililala kitini! Muulize dada huyu, si alinitikisa?"

Kweli alimtikisa. Mama Waya akatupia jicho saa ya kipimo: saa mbili na dakika kumi. Dereva alifika saa tatu. Lo!

"Waya zilikaa sawasawa?" daktari akauliza, kalamu mkononi.

Zilikaa. Mistari safi, hakuna cha kusingizia. Akinyamaza, mwanamume huyu kazi hana.

"Ni yangu," akasema.

"Yako nini?"

"Mawimbi. Nilijipima mimi. Chake ni hicho cha pili."

Daktari akafungua cha pili, akakitazama mpaka mwisho, akatia sahihi dereva arudi kwenye kreni. Kisha akanyoosha mkono. "Funguo za chumba cha mashine."

Akazitoa, akamkabidhi. Basi, kazi imekwisha. Machozi yakamlenga.

Daktari akasimama, akamfungulia mlango. "Twende. Leo nabandika mimi, na faili tunafungua lenye jina lako."