Yangeyange wa Sapiwi

Mektilda alikuwa ameandika mstari mmoja tu filimbi ilipolia nyuma yake. Nyingine ikaitikia ng'ambo ya lambo la maji, na kabla hajaishusha darubini, wanaume sita wa sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuwa wamemzunguka, pinde mabegani.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu mkubwa wao kwa Kisukuma, kwa adabu, akimwita mama. "Unatazama nini?"

"Ndege."

Mmoja akacheka. "Amepanda pikapu kutoka Bariadi kuja kutazama ndege. Kwani kuku wake wamehama?"

Wakamchukulia darubini na daftari. Vilikuwa vya kaka yake, Mwalimu Fredrick, waliyemzika mwezi Machi. Tangu magari ya watu binafsi yaanze kufika vijijini, kila Jumamosi Fredrick alidandia lolote lililoondoka stendi, akaenda kuhesabu yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe malishoni. Mektilda alikuja kuendeleza hesabu hiyo siku moja tu, arudi kwa pikapu ya saa tisa. Kurasa za mwisho za Fredrick hakuwahi kuzisoma. Mwandiko ulikuwa umeanza kutetemeka, na kila alipozifikia alilifunga daftari.

Walimkalisha juu ya gunia nje ya ghala la pamba. Luhaga, mtemi wa sungusungu, alisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Sapiwi, kwa Mahona. Ng'ombe sitini na watatu, yangeyange kumi na saba. Wametoka saa mbili." Akafunua ukurasa. "Shishiyu. Bukundi. Mayu, humu kuna kila zizi, idadi yake, na saa ya kutoka. Mwizi angetaka nini zaidi?"

Mektilda alieleza kwamba kaka yake alitaka kujua kama ndege huongezeka ng'ombe wakiongezeka. Maneno yalimtoka vibaya. Hata masikioni mwake yalisikika kama uongo.

Wakatumwa vijana kumwita Mahona, akapatikana saa nane ikiwa imeshapita. Alikuwa mzee mwembamba ambaye ng'ombe wake wote waliibwa Januari. Akasomewa ule mstari.

"Sitini na watatu," alisema. "Ndio hao."

Hapo Mektilda akajiuliza, kwa mara ya kwanza, Fredrick alikuwa akimpa nani hesabu hizi. Aibu ikamshika kumwaza hivyo marehemu, lakini wazo halikuondoka.

"Daftari tunalichoma," alisema Luhaga. "Wewe unakwenda polisi."

Barabarani pikapu ilipiga honi. Mwandiko wa Fredrick haukubaki mahali pengine popote.

"Lisomeni mpaka mwisho kwanza," alisema Mektilda. Hakujua kuna nini huko. Pengine ni kubaya zaidi.

Luhaga akafunua, akakunja uso mbele ya herufi zilizopinda. "Januari ishirini na nane. Kwa Mahona. Ng'ombe hakuna. Yangeyange wawili wamesimama ndani ya zizi tupu, wanangoja. Nimekaa na mzee mpaka jioni. Sikumwambia nilichojia."

Mahona aliliomba daftari, ingawa hakujua kusoma.

"Yule mwalimu wa kukohoa," alisema. "Watu wengine walikuja kuniuliza nimemkosea nani. Yeye alikaa tu." Akaligeuza daftari mkononi. "Wale ndege walikuja siku nne. Nilidhani nimewaona peke yangu. Yuko wapi?"

"Tumemzika Machi, baba."

Mahona akaketi kwenye gunia, kando yake.

Luhaga alikohoa. "Sawa. Lakini hesabu za ng'ombe wetu hazipandi gari. Zifute, mayu, mimi naangalia." Akamtuma mtu kwenda kuizuia pikapu.

Mektilda alifuta kwa wino, akizungusha kalamu mpaka tarakimu zikapotea. Alifuta wa Bukundi, akafuta wa Shishiyu, akafuta wale sitini na watatu. Ndege aliwaacha. Dereva alipiga honi tena, ndefu, na mkono wa Mektilda ukaanza kwenda haraka.

Alipofika pale palipoandikwa ng'ombe hakuna, alimsogezea mzee daftari, akasoma tena kwa sauti, taratibu, ili ajue ni wapi.

Mahona aliweka kidole juu ya karatasi.

"Hapo acha," alisema.