Tanzia ya Mguu wa Kushoto

Eliza alikuwa fundi cherehani pale Itigi, karibu na stesheni, na kwa cherehani hiyohiyo alishona sare za shule, mashuka na gazeti. Gazeti lenyewe liliitwa Mpira wa Karatasi: karatasi mbili za A4 zilizokunjwa katikati na kupigwa mshono mmoja wa uzi mwekundu mgongoni, nakala sitini kila baada ya mechi mbili. Liliandika habari za Kichaka Rangers tu. Magazeti ya Dar huandika hata mafua ya kipa wa akiba wa timu kubwa, lakini Kichaka ikifungwa sita hakuna anayejua ila Eliza na hao waliofungwa.

Na Eliza hakuwa na huruma. Shabiki wa kweli, alisema, ni yule anayeitukana timu yake kwa uchungu. Derick, mwenyekiti wa timu, alishaandikwa kwamba husinzia benchi mdomo wazi mpaka nyuki wanaingia kukagua nyumba. Tangu hapo alikuwa akitafuta sababu ya kulifunga gazeti hilo, na gazeti ndilo kitu pekee Eliza alichokuwa nacho ambacho hakikupimwa kwa futi kamba.

Sababu aliipata kwa Peniel. Peniel, mshambuliaji, alikuwa amecheza mechi tisa bila bao, na penalti yake ya mwisho ilimpata mbuzi wa watu. Eliza akaandika tanzia: "Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha mguu wa kushoto wa mshambuliaji wetu kipenzi, Peniel Moses. Marehemu aliugua muda mrefu. Ameacha mguu wa kulia, ambao nao hali yake si nzuri."

Sasa, mashine ya fotokopi ya Mzee Idrissa inakula mstari wa chini. Itigi nzima inajua hilo. Eliza mwenyewe siku zote aliacha nafasi ya vidole viwili chini ya ukurasa. Safari hii matusi yalikuwa mengi, akaandika mpaka ukingoni. Mstari ulioliwa ulikuwa "mguu wa kushoto wa". Ukurasa wa tatu ukaishia "tunatangaza kifo cha", na wa nne ukaanza "mshambuliaji wetu kipenzi, Peniel Moses". Hayo mengine yalikuwepo, lakini nani husoma tanzia mpaka mwisho? Watu walisoma jina, wakapiga yowe.

Mtu akapiga picha, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa Peniel. Peniel wakati huo alikuwa kichakani siku ya pili akirina asali, mahali ambapo simu ni tochi tu. Wakampigia: haipatikani. Kwa watu wenye hofu, hakuna cheti cha kifo kinachoshinda hicho.

Eliza alipopata habari na kukimbilia uani kwa Peniel, turubai lilikuwa limeshafungwa na maharage yako jikoni. Derick alikuwa amesimama akisema marehemu ameacha pengo lisilozibika. Ni yeye huyo aliyemwita gogo wiki iliyopita.

"Ni mguu!" Eliza alipiga kelele. "Jamani, aliyekufa ni mguu!"

Wanawake wawili wakamshika mikono, wakamkalisha, wakamwambia alie tu, atapata nafuu.

Mbele yao, juu ya mkeka, alikaa Bibi Raheli, aliyemlea Peniel tangu hajaota meno. Alikuwa ameteremka kwenye basi asubuhi ile kutoka Mungaa. Eliza akapiga magoti. "Shikamoo, bibi." Bibi hakuitikia. Eliza alijisikia vibaya kuliko kama angepigwa kofi.

Saa saba Peniel akatokea na baiskeli, ndoo ya asali nyuma, uso umevimba kwa kuumwa na nyuki. Akaliangalia turubai.

"Nani amekufa?"

"Wewe," akajibu mtu mmoja, bila kufikiri.

Walipomaliza kukimbia na kurudi, Eliza akasoma tanzia yote kutoka kwenye daftari lake, mstari ulioliwa ukiwemo. Watu wakacheka mpaka maharage yakaungua. Bibi Raheli akamshika mjukuu wake masikio yote mawili, akamkagua kama mtu anayenunua jogoo. Bibi na mjukuu ni watani, hilo halina msiba wala harusi.

"Mechi tisa umekosa goli," akasema. "Na kufa nako umekosa?"

Kisha akavua kitambaa kichwani. Alikuwa amenyoa. Upara mtupu, na mikwaruzo ya wembe ulioshikwa na mtu aliyekuwa akilia. Kicheko kikakatika.

Derick hakuipoteza nafasi. "Mnaona? Gazeti hili lifungwe leo hii. Na cherehani yake tuichukue."

Eliza aliona aibu, aibu ya kweli, na alikuwa tayari kusema ndiyo.

"Wewe mwenyekiti," Bibi Raheli akasema, "ukilifunga, nani ataandika kwamba huyu hajafa? Au unataka nizunguke Mungaa na kichwa hiki nikieleza mtu mmoja mmoja?" Akamgeukia Eliza. "Karatasi ndiyo imemuua. Karatasi imrudishe. Na uandike kwa nini nimenyoa."

"Niandike ulinyoa kwa ajili ya mguu, bibi?"

"Nilinyoa kwa ajili ya mjukuu wangu. Mguu ni ujinga wenu."

Derick akakaa. Akaletewa maharage yaliyoungua, akala.

Asubuhi yake Eliza alimkuta Bibi Raheli akisubiri basi, Peniel kando yake akitafuna andazi. Akampa toleo jipya, uzi bado una ncha ndefu.

"Imeandikwa wapi?"

Eliza akaushika mkono wa bibi, akakiweka kidole chake kwenye mstari. "Hapa. Peniel Moses yuko hai."

"Soma tena."

Akasoma.

"Tena."

"Bibi," Peniel akacheka, "si mimi huyu hapa?"

"Nyamaza wewe. Jana ulikuwa marehemu."

Eliza akasoma mara ya tatu, polepole. Bibi Raheli akaikunja karatasi mpaka ikawa ndogo, akaiweka kwenye pindo la kanga, akajaribu kufunga fundo. Likafunguka. Akajaribu tena. Basi lilikuwa limeshapiga honi.

Eliza akachuchumaa, akamfungia.