Kola ya Plagi

Nyuma ya jiko langu kuna mlingoti wa antena wa mita kumi na mbili, na mume wangu huujulia hali kila asubuhi kabla hajanijulia mimi. Hutoka na kikombe chake cha chai, anauzunguka, anauinamia, anagonga kwa kidole nyaya tatu zinazoushikilia, mmoja mmoja, kisha anarudi ndani ameridhika. Mimi sijawahi kugongwa kidole ili ijulikane kama nimelegea.

Ni fundi mitambo aliyestaafu, na ana leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza hewani na watu wa mbali. Leseni ameiwekea fremu, imetundikwa sebuleni pale nilipokusudia kutundika picha ya harusi. Picha ya harusi iko koridoni, karibu na mita ya umeme. Anaongea na watu ambao hajawahi kuwaona maisha yake yote, anajua kwao mvua imenyesha lini na nani kafanyiwa upasuaji wa jicho. Sukari inakaa kabati gani, hajui.

Kati ya sauti zote hizo, moja ni ya kaka yangu. Kaka anafanya kazi kwenye kituo cha kupimia hali ya hewa, juu mlimani, simu haishiki. Kila Ijumaa saa kumi alasiri humwita shemeji yake kwa redio. Wawili hao walijifunza redio pamoja kabla sijaolewa, na nashuku niliozwa ili wao wasiachane.

Mimi na kaka tulikuwa hatujasemezana miaka sita. Mama alipofariki, kaka alichukua cherehani yake bila kuniuliza, akapanda nayo mlimani, na huko anashonea ile mifuko ya kitambaa inayoonyesha upepo unaelekea wapi. Cherehani ambayo mama alinifundishia mimi kushona. Nilisema wazi kwamba simtaki masikioni mwangu. Hata hivyo, kila Ijumaa saa kumi nilikuwa na shuka la kukunja koridoni, karibu na mlango wa chumba cha redio. Shuka moja, ukilikunja kwa uangalifu, linaweza kuchukua nusu saa.

Halafu Ijumaa moja sauti haikuja. Ya pili haikuja. Mume wangu akasema ni madoa ya jua, hewa imechafuka, itatulia yenyewe. Ya tatu vilevile, mkwaruzo mtupu. Mara ya mwisho kaka alipoongea alikuwa na kikohozi ambacho sikukipenda, na kwa wiki tatu kikohozi hicho kilikaa kichwani mwangu. Nilitaka kujua kama yu mzima. Kuuliza, sikuwa tayari kuuliza.

"Si uushushe huo mlingoti uutazame?" nikamwambia mume wangu.

"Umeanza kuujali lini?"

"Waya wake mmoja ndio kamba yangu ya mataulo."

"Aa," akasema. "Mataulo."

Ijumaa ya nne, asubuhi, tukaushusha. Daktari amempiga marufuku kupanda ngazi, kwa hiyo mlingoti ameufunga bawaba chini, unalala na kuinuka kama mlango. Mimi nazungusha winchi, yeye anatoa amri.

"Taratibu, mama watoto. Hiyo si ndoo ya kisimani."

Kule juu, pale kebo inapoungana na antena, tepu ilikuwa imepasuka. Maji yalikuwa yameingia, na shaba yote imegeuka kijani.

"Madoa ya jua ndiyo haya?" nikamuuliza. Akajifanya anatafuta koleo ambayo alikuwa ameishika.

Tukaweka kebo mpya. Sasa, mwisho wa kebo unaoingia kwenye redio una plagi, na plagi ina kola, kipande cha chuma chenye nyuzi kinachoikaza isichomoke. Kola lazima ivishwe kwenye kebo kwanza, ndipo plagi ilehemewe. Ukilehemu kabla, kola haipiti tena, na kazi yote inarudiwa. Mume wangu ameisahau kola mara zisizohesabika, huku akiwafundisha wenzake hewani wasiisahau. Ndiyo maana kwa miaka thelathini naivisha mimi. Siku hiyo pia niliivisha kwa mkono wangu, nikaenda zangu jikoni, yeye akabaki na chuma cha kulehemu.

Saa kumi kasoro dakika tano akaniita. Nilikuta miguu tu, mwili uliobaki uko chini ya meza, nyuma ya redio.

"Nimesahau kola," miguu ikasema.

"Umesahau nini?"

"Plagi haikazi. Inabidi niibane kwa mikono yote miwili. Chukua kipaza sauti."

"Toka nikubanie mimi, wewe uongee."

"Hapa panataka mkono wa fundi."

Nilikuwa na mengi ya kusema, na ningeyasema, lakini redio ikakohoa. Kisha sauti ya kaka ikatoka, imechoka, inataja herufi za kituo chetu. "Shemeji, hii ni Ijumaa ya nne nakuita. Kama upo, nijibu."

Nikakaa kwenye kiti chake.

"Bonyeza pembeni," fundi akanong'ona. "Ukimaliza, achia."

Nikabonyeza. "Shemeji yako yuko chini ya meza."

Mkwaruzo ulidumu hadi nikadhani plagi imechomoka. "Ni wewe?" kaka akauliza.

"Kwani ana wake wangapi?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

"Hicho kikohozi umekipeleka hospitali?"

"Ni vumbi tu, mdogo wangu."

"Vumbi la mwezi mzima? Jumatatu unashuka unapimwa, na Ijumaa ijayo utanisomea daktari alichoandika, neno kwa neno."

"Sawa. Cherehani inaruka. Mkanda umelegea. Miaka sita nataka kukuuliza mama alikuwa anaukaza vipi."

Nililia, sifichi. Kisha nikabonyeza tena, nikamweleza kwamba mama alikuwa anaukata kidogo, upana wa ukucha, halafu anaufunga upya kwa kile kipini cha kuungia ncha zake. Tuliongea dakika arobaini. Chini ya meza mtu hakulalamika hata mgongo, yeye ambaye hulalamika akiombwa kuinua ndoo.

Jumamosi nilikuwa nafua. Kwenye mfuko wa shati lake la jana nikakuta kola. Nyuzi zake safi, haijaguswa na risasi ya kulehemu. Niliitazama kitambo nikiwa nimeishika kwa vidole vyenye sabuni, nikakumbuka vizuri kabisa nilivyoivisha kwenye kebo.

Alikuwa kibarazani anasoma gazeti.

"Plagi utaitengeneza lini?" nikamuuliza.

"Nikipata kola. Siku hizi hazipatikani."

"Pole," nikasema.

Shati nikalifua, nikalianika kwenye waya wa mlingoti, likakauka, nikalipiga pasi. Kisha nikairudisha kola mfukoni mwake na kufunga kifungo.