Njia ya Kumkwepa Mkwe

Dionis alitaka tupite mlimani, nami nikamwambia ana wazimu. Tulikuwa tumeshuka kwenye treni pale Kigwa, tumepokea baiskeli zetu kutoka behewa la mizigo, na mbele yetu kulikuwa na njia mbili. Ya chini ilizunguka mlima Itulu. Ni ndefu na ina mchanga, lakini ni tambarare na visima vipo. Ya juu iliupanda mlima wenyewe na kuteremkia upande wa pili, kwenye kijiji cha Ujamaa walikohamishiwa wakwe zake.

"Babu yangu alipita huku na pembe za ndovu begani," nikamwambia. "Hakuna mpagazi hata mmoja aliyepanda Itulu kwa hiari yake. Na wale hawakuwa na baiskeli za kukokota."

"Juu kuna mandhari, Shomari. Utaiona nchi yote mpaka Tabora."

Mwongo mkubwa! Tangu lini seremala wa Isevya, mtaani kule Tabora, akajali mandhari? Alikuwa anamkwepa mama mkwe wake, basi.

Mimi ni mtoto wa mjini, fundi baiskeli, na mambo haya ya Kinyamwezi niliyajua vizuri kwa sababu ndimi niliyekuwa mshenga wa ndoa yake. Mume hamtazami mama wa mkewe usoni. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia porini, na mama anaipa njia mgongo na kuchuchumaa mpaka mkwe apite. Neno likiwepo, linapitia kwa mtu mwingine. Dionis hakosi misa ya Jumapili, lakini kwa hili hata padri alishamshindwa.

Siku nyingine ningemcheka. Siku ile sikuweza. Pelagia, mkewe, alikuwa amerudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi, na baba hukaa kwake akisubiri kuitwa. Wito haukuja. Ikaja Operesheni ya vijiji. Wakwe walihamishwa mvua zinaanza, hata nyumba hazijaezekwa, na mtu mmoja wa upande huo akatuambia sokoni Tabora kwamba kule wamezikwa watoto wachanga. Wa nani, hakujua. Dionis akarudi kwenye karakana yake akaharibu mlango mzima wa mninga kwa randa, mlango wa mteja. Mvua zikazidi. Asubuhi moja akaja kwangu na baiskeli yake, akasema, "Itie upepo. Siwezi tena."

Kwenda bila kuitwa ilikuwa aibu tosha. Kumvaa mkwe njiani juu ya aibu hiyo asingeweza.

"Saa hizi wanawake wako bondeni," akaniambia pale Kigwa. "Visimani, au shamba la kijiji. Mlimani hakuna mtu. Tukifika, mimi najificha nje ya kijiji, wewe unaingia kuuliza."

"Kuuliza nini?"

Alishika usukani akaanza kupanda.

Tulikokota. Njia ilikuwa ya mawe na vijito vya mvua, cheni yangu ilitoka nikaitukana, jasho likaniingia machoni. Kufika juu nikasimama, na lazima niseme ukweli, palikuwa pazuri. Miombo ilikuwa imechipua chini yetu mpaka macho yanakoma, reli imenyooka katikati, na upande wa pili mabati mapya ya kijiji yakimetameta. Nikamwita aje aone hayo mandhari yake. Alikuwa ametazama mabati mara moja tu, sasa anakagua breki.

Tukateremka, yeye mbele. Kwenye kona ya tatu au ya nne nikamwona anafunga breki, anaitupa baiskeli na kuruka kwenye miiba kama mtu aliyefukuzwa na nyuki.

Njiani palikuwa na mwanamke mtu mzima, kapu la mihogo kichwani. Bi Koleta. Mama mkwe mwenyewe! Walimhamisha nyumba, mihogo yake hawakuihamisha. Ilibaki kwenye kiunga chake cha zamani huku mlimani, na kila walipopungukiwa alipanda kuing'oa. Sisi wawili tulikuwa na akili zetu zote na hilo hatukuliwaza.

Naye alikuwa ameshamwona. Akatua kapu, akatupa mgongo, akachuchumaa.

Mgongoni, ndani ya mbeleko, kulikuwa na mtoto.

Mtoto alikuwa mnene, shavu limelala kwenye kitenge, macho makavu yanatazama moja kwa moja kule porini. Na kule porini Dionis, ambaye alipaswa kuwa amegeuka, hakuwa amegeuka. Damu ilikuwa inamtoka kwenye sikio kwa miiba. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mshenga. Za Tabora?"

"Njema. Mama, huyo ni..."

"Ni wa Pelagia. Wa kiume. Mama yake yuko palizini, shamba la kijiji, mzima. Tulimtuma mtu awaiteni, kumbe naye alihamishwa kabla hajaondoka, sijui wamempeleka wapi." Aliyasema yote akiwa ameutazama mwamba ulio mbele yake. Sauti ilishuka kidogo. "Jina bado. Linamngoja baba."

Nikageuka kumpelekea maneno hayo, kama kazi yangu inavyotaka, ingawa alikuwa hatua chache tu na alisikia kila kitu. Dionis alikuwa analia waziwazi. Mtoto akakunja uso, akamtazama.

Sasa ilikuwa zamu ya mkwe kupita. Ndivyo ilivyo, mama hawezi kuinuka mpaka mwanamume aende zake. Nikaiokota baiskeli ya Dionis na kumwonyesha njia.

"Mshenga," Bi Koleta akaniita, bado ametupa kisogo. Mkono wake ulirudi nyuma polepole, ukashusha kitenge mpaka kichwa chote cha mtoto kikawa wazi. "Mwambie mwenzako asijisumbue kuharakisha. Mimi mihogo imenichosha. Nitakaa hivi hivi kwanza."