Pua ya Mama Mkwe

Mwaka ule ugonjwa ulinikuta muda mfupi kabla ya mavuno ya zabibu. Yalikuwa mafua tu, homa na koo kuwasha, na nililala chumbani nikimsikia Livio, mume wangu, akiosha matangi uani huku anapiga mluzi. Homa ilipoondoka niliamka na njaa, nikaingia jikoni, nikaanza kukata kitunguu. Nilikikata chote. Machozi yalinitoka kama kawaida, lakini pua ilikuwa kimya. Nikainamia ubao wa kukatia. Hamna kitu. Nikafungua chupa ya siki nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Hamna. Nikajaribu kahawa, nikajaribu sabuni, mwishowe nikachukua soksi za Livio kutoka kwenye kapu la nguo chafu. Nilisimama pale nimezibana puani, na hata hizo hazikunuka kitu.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kusikitisha tu. Kwangu lilikuwa janga. Shamba letu sisi akina Draguzet liko kwenye udongo mwekundu nje ya mji mdogo wa Vodnjan, mizabibu upande wa bara, mizeituni upande wa bahari, na kazi tuligawana tangu nilipoolewa. Livio ni mikono. Yeye hupogoa, hulima, huendesha trekta na kinu cha mafuta. Mimi, Ondina, ni pua. Mimi ndiye ninayesema zabibu zivunwe lini, tangi lipi limeanza kuugua, mafuta yapi yatiwe kwenye chupa zetu na yapi tukaangie viazi.

Daktari kule mjini Pula alinimulika puani na taa yake ndogo.

"Itarudi," akasema.

"Lini?"

"Labda mwezi ujao. Labda mwakani. Wapo wengine ambao..." Akaanza kupangapanga vitu mezani.

Tukiwa njiani kurudi, Livio aliendesha gari mpaka tukafika kwenye mizeituni ya kwanza. Kisha akasema, "Tutatafuta mtu."

"Nani? Msimu huu kila mwenye pua yuko kwenye matangi yake."

"Basi kuna Mama."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu niugue.

Nieleze kwanza kuhusu mama mkwe wangu. Eufemija ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye mikono kama ya mwashi, na enzi za mumewe, marehemu Tone, wawili hao ndio walioendesha ghala la mvinyo. Tone alipofariki, Eufemija alinisukumia funguo za ghala mezani bila neno, akaenda kwenye bustani yake ya mboga na kuku wake, na hakukanyaga tena mle. Kila mwaka nilimpelekea glasi ya kwanza ya malvazija, mvinyo wetu mweupe. Angeonja, angeutazama ukuta, angesema, "Unalowesha koo." Mwaka mwingine, "Nimewahi kunywa mbaya zaidi." Mwaka ambao mvinyo wetu ulisifiwa wilaya nzima, alisema, "Utafaa kwenye saladi." Nilikwisha kuzoea. Nikipika naye, tunaelewana. Nikizungumzia mvinyo, ni kama naongea na jiwe.

Jioni ile tulipoketi kula nilimwambia. Aliendelea kunywa supu yake ya maharage.

"Kwa hiyo hata hii supu huinusi?"

"Hapana, Mama."

"Una bahati. Nimeiunguza." Akajifuta mdomo. "Zabibu za kilimani zimeiva, nimepita leo. Kesho niamsheni. Na msinipe yale maglasi yenu ya miguu mirefu, nitayavunja."

Siku za kwanza tuligombana vibaya. Nilimchotea maji ya zabibu yaliyoanza kuchachuka, nikamuuliza yananukia nini.

"Yananukia mvinyo."

"Mvinyo wa namna gani?"

"Wa zabibu, Ondina. Ulitaka wa nini, wa kabichi?"

"Mama, mimi sasa ni kipofu na wewe ndiye unayenishika mkono barabarani. Ukiniambia tu kwamba hii ni barabara, nitajuaje shimo liko wapi?"

Alinikodolea macho. Nilidhani ataondoka. Badala yake alivuta kiti, akaketi, akafumba macho na kuingiza pua ndani ya glasi nene ya jikoni aliyoichagua mwenyewe. Akavuta pumzi, akavuta tena.

"Unajua ukiingia kanisani kwa Mtakatifu Blaž wakati wa jua kali," akasema polepole. "Lile jiwe baridi. Hilo lipo. Halafu mlango uko wazi, na nje mtu anafyeka majani. Na kuna tunda... siyo tufaha. Ni lile ganda la tufaha ulilolisahau kwenye sahani."

Niligeuka ukutani ili asinione. Nilikuwa nimeunusa. Si kwa pua, lakini nilikuwa nimeunusa, na nilijua mvinyo ule umefikia wapi na unahitaji nini.

Tangu hapo tukawa na lugha yetu. Hakuna aliyeielewa, hata Livio. Angetukuta tunabishana kama tangi la tatu ni kama blanketi la mgeni au ni kama blanketi la mtoto, angetikisa kichwa na kurudi kwenye trekta lake.

Asubuhi moja, tukiwa katikati ya uchachushaji, Mama alitangulia ghalani. Nilimsikia akiniita kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu mazishi ya Tone.

"Ondina! Njoo! Tangi kubwa linanuka!"

"Linanuka nini?"

"Yai. Yai viza, lile la kuku aliyejificha kutagia kwenye kuni."

Nilikimbilia ndani. Tangi kubwa ndilo lililokuwa na zabibu zote za kilimani, zile bora. Harufu hiyo maana yake hamira iliyomo imekosa chakula na hewa, na ukichelewa haitoki tena, inakaa kwenye mvinyo mpaka mwisho. Mimi ningepita pale mara ngapi bila kujua? Ningeweka sikio kwenye tangi, ningesikia linachemka vizuri, ningeenda zangu kunywa kahawa.

Tulifanya linalofanywa. Niliilisha hamira, Livio akaleta pampu, tukautoa mvinyo chini ya tangi ukamwagikia kwenye pipa la wazi upate hewa, kisha tukaurudisha juu, tena na tena. Mama alisimama kando ya pipa, ameshika ukingo kwa mikono miwili, kama mtu anayechungulia kisima.

"Bado," alisema. "Bado. Livio, usilegee!"

"Silegei, Mama, ni pampu."

"Pampu ni wewe. Bado... Sasa limepungua. Sasa ni kama kiberiti ukikizima. Bado kidogo..."

Livio alikuwa ametota jasho. "Miaka yote hii nilidhani nimeoa mwanamke mmoja," akaniambia. "Kumbe nimepata wawili, na wote wananifokea."

"Nyamaza, ninanusa," akasema Mama. Kisha akanyooka, akajishika kiuno. "Limekwisha. Ni zabibu tupu."

Nilimkumbatia palepale, mikono yangu ikiwa imelowa mvinyo mpaka viwikoni. Alisimama wima kama mti, akaniacha nimkumbatie, kisha akasema nimemchafulia aproni.

Zeituni nazo zikafika. Majirani wengi huleta zao kwetu, na siku moja alikuja Bepo, ambaye shamba lake limepakana na letu, amejaza magunia nyuma ya gari. Mama alizamisha mkono ndani ya gunia, akautoa, akaunusa.

"Bepo, hizi ulizilaza wapi?"

"Gerejini, Mama Eufemija. Mahali pakavu, pazuri."

"Zina joto. Na zinanuka kama wewe ulivyorudi kutoka jeshini."

Watu waliokuwa kwenye foleni walipasuka kwa kicheko. Bepo mwenyewe alicheka, masikio yamemwiva. "Jamani, si zikamuliwe tu? Ni za kula nyumbani."

"Ziliwe na nani? Mkeo kakukosea nini?" Akafunga mdomo wa gunia. "Hizi hazipiti kwenye kinu cha Ondina. Nenda ukachume nyingine, ulete leoleo."

Bepo alikwenda, akachuma na wanawe, akaleta zikiwa ngumu na kijani kibichi. Lakini mimi nilikuwa nimebaki pale kwenye mlango wa kinu. Kwa Mama kile kilikuwa siku zote kinu cha marehemu. Livio naye alikuwa amesikia. Alinitazama, akainua nyusi, akaendelea kumwaga zeituni.

Mafuta yetu ya kwanza yalitoka kijani kama majani ya ngano changa. Nilimpa Mama kikombe kidogo, nami nikachukua changu. "Majani ya nyanya," alisema, "ukiyavunja kwa vidole. Na lozi mbichi. Na nini tena... mbigili, ile tunayochemsha." Alimeza, akakohoa. Nikameza na mimi. Na hapo nikasikia kitu: mwasho ule kooni, ule moto mdogo wa mafuta mapya, kwa sababu huo hauhitaji pua. Nikakohoa mpaka nikalia. Tulikohoa sote wawili tukiwa tumeshikana mikono, huku kinu kinanguruma, na Mama akasema kwa shida, "Basi koo lako ni zima. Tumshukuru Mungu kwa koo."

Siku ya Mtakatifu Martin, mwezi wa Novemba, mvinyo mpya ulipotimia, tuliingia ghalani mchana kuonja kabla wageni hawajafika. Livio alikuwa nje anakata paja la nguruwe lililokaushwa. Nilimmiminia Mama malvazija kutoka kwenye tangi kubwa, lile la yai viza. Akafumba macho, na nikasubiri kanisa, au blanketi, au ganda la tufaha.

Alinusa, akanusa tena, glasi ikiwa imemfunika pua.

"Mama? Mvinyo umeharibika?"

"Haujaharibika." Alifumbua macho. "Unanukia vizuri, Ondina. Ni mvinyo mzuri. Ni mzuri kuliko wote niliowahi kuonja humu ndani."

Nikasema jambo la kijinga: "Unaweza kuniambia chochote, mimi sinusi."

"Ndiyo maana nakwambia kweli. Nikudanganye, nani atakusahihisha?" Aliizungusha glasi yake nene. "Na mwaka jana ulikuwa mzuri. Na ule niliosema utafaa kwenye saladi. Ule niliunywa chupa nzima peke yangu bandani."

"Sasa kwa nini, Mama? Miaka yote hiyo?"

"Kwa sababu wa Tone haukuwa hivi." Sauti yake ilishuka. "Wa Tone ulikuwa mzito, ulikuwa unakupiga kichwa. Aliupenda kama mtoto. Niliona nikisema wako ni mzuri, ni kama ninamwambia yeye, kule aliko, kwamba wake haukuwa kitu. Nikawa nanyamaza. Halafu kunyamaza kukawa tabia." Akanitazama. "Lakini miezi hii nimekuwa ninakusemea kila kinachonifika puani. Mtu hawezi kusema kila kitu akaliacha hilo peke yake."

Nilimwambia kwamba mvinyo wa Tone ndio ulionifundisha, kwamba ndio niliounywa jioni Livio aliponileta hapa mara ya kwanza, na kwamba uliniumiza kichwa kweli. Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Livio alipoingia na sahani ya nyama alitukuta tumeketi pamoja pale chini, tunafuta macho.

"Nani amekufa?" akauliza kwa hofu.

"Hakuna," Mama akasema. "Leta hiyo nyama."

Pua yangu ilirudi majira ya kuchipua, vipandevipande. Ilianza na dizeli. Livio alikuwa amejimwagia mikononi akijaza trekta, akanipita mlangoni, nami nikamkamata mikono yote miwili nikaifunika usoni.

"Umerukwa na akili? Ni dizeli hiyo!"

"Najua!" nilipiga kelele. "Najua ni dizeli!"

Akaelewa. Akaniacha niinuse kadiri nilivyotaka, uso wangu mzima ukapakaa dizeli. Baadaye ulikuja moshi wa matawi yaliyopogolewa, kisha ganda la chungwa kwenye mkate wa Pasaka. Kitunguu kilichelewa. Waridi mpaka leo silinusi, na sijali.

Nilipomwambia Mama, alianza kufungua kamba za aproni yake. "Haya. Kazi yangu imekwisha."

"Haijaisha. Dizeli na machungwa vitanisaidia nini ghalani?"

"Vingine vitarudi."

"Vikirudi pia nakuhitaji. Mimi peke yangu sikuwahi kunusa kanisa mle ndani."

Alikunja aproni, akaondoka nayo kwapani. Asubuhi iliyofuata Livio aliniamsha akicheka, akaniambia nitazame dirishani. Mama alikuwa amesimama mbele ya mlango wa ghala, anaugonga kwa kiganja na kulalamika kwa sauti kwamba katika nyumba hii watu wanalala mpaka jua linawachoma. Nilishuka na funguo nikiwa bado na nguo za kulalia, nikamfungulia.