Gunia la Dirishani

Jumamosi, tarehe 9 Machi 1946, Chaani kuliamka na mawingu na joto zito lisilo na upepo. Tsofa alitia kitambaa ndani ya sanduku la kioo la samaki, akapangusa ukungu wa kahawia uliofunika majani ya maji. Alikuwa amepangusa jana na juzi, na kila mara ulirudi. Sanduku hilo aliliunda mwanawe Kombe kabla ya kwenda vitani Burma, na serikali ilikuwa imeandika kwamba ametoweka. Mimea ile ikifa, mzee angebaki na gunia la dirishani tu la kumkumbuka mwanawe.

Milcah na Odhiambo, wenzake wa darasa la jioni, walipiga hodi kumuuliza mbona haonekani darasani.

“Shikamoo, mzee. Mbona giza hivi?” Milcah aliinamia kioo. “Ukungu huu hustawi gizani. Majani yanakosa mwanga.”

Wote wakatazama gunia lililopigiliwa dirishani tangu ile amri ya kuficha taa zisionwe na ndege za vita.

“Hata Mjapani amesalimu amri,” Odhiambo alisema. “Hao samaki unawaficha wasionwe na nani?”

Tsofa alicheka kidogo, kisha akagusa msumari mmoja. “Misumari hii aliipiga Kombe.”

Alisali kimya. Kisha akachukua nyundo, akaing’oa mmoja mmoja, akaitia mfukoni. Gunia likaanguka, mwanga ukafika majini.

“Mbele ya Mungu na mbele yenu,” alisema kwa sauti, “dirisha hili nitalifungua kila asubuhi, Kombe arudi asirudi.”